Mafuta inashuka: kutafuta chanzo cha presha ndogo ya oili katika moteri ya boti

"Kapiteni, mafuta inashuka!"

Sauti hiyo ilitoka chini, kwenye chumba cha moteri, kiangazi cha mwaka juzi, katika boti ya mbao iliyotutoa Kalemie kwenda Moba. Saa nne za usiku zilikuwa zimepita. Aliyepiga kelele ni baharia kijana aliyeachwa kulinda moteri. Kapiteni hakuuliza kitu. Alimwambia mwenzake achukue jerikani moja ya mazutu, aimimine ndani ya tangi, akaendelea kushika usukani. Baada ya dakika ishirini hivi tukasikia mgongo chini ya miguu yetu, kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, kisha kimya. Moteri haikuzimika tu, ilikamata. Hata kwa nguzo ya chuma isingezunguka tena.

Boti isiyo na moteri katika upepo wa kusini hugeuka ubavu kwa mawimbi, na mawimbi ya Tanganyika wakati wa kiangazi si ya kuchezea. Tulichota maji hadi alfajiri, kwa ndoo na kwa sufuria za akina mama waliokuwa wanakwenda sokoni. Magunia ya unga yalitupwa ziwani. Kulipopambazuka wavuvi waliokuwa wanarudi na ndagala wakatufunga kamba, wakatuvuta hadi ufukweni. Hakuna aliyekufa.

Ugomvi ulianza nchi kavu. Mwenye boti alisema kijana atalipa moteri kwa mshahara wake, kwa sababu hakutoa habari. "Nilisema," kijana akajibu. "Nilisema mafuta inashuka." Kapiteni naye, bila uongo wowote, akasema: "Kweli alisema. Na mimi niliongeza mafuta."

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na sikuweza kuliacha jambo hilo hapo. Likizo ile nilikaa siku nyingi kwa fundi mzee aliyepewa kazi ya kufungua moteri hiyo, nikimshikia taa na kumwuliza maswali. Aliyoyajua yeye juu ya presha ndogo ya oili ndiyo ninayotaka kuwaeleza wasomaji wa jarida letu. Wengi wetu tunapanda boti hizi kila likizo, na hata asiyeshika spana kamwe anaweza siku moja kuwa karibu na mshale unaoshuka.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu mafuta ni mawese ya kupikia, ni ya kujipaka, ni yale yanayochomwa ndani ya moteri, na ni yale yanayolainisha vyuma vya moteri hiyo hiyo. Mhadhiri wa sarufi angemsahihisha yule baharia: sema "mafuta yanashuka", si "inashuka". Naam, na boti ingesimama mahali pale pale, maana upatanisho ukiwa sahihi bado hatujui ni mafuta yapi, wala kama kilichoshuka ni kiasi chake au ni presha yake. Kijana alikuwa anatazama mshale wa presha ya oili. Kapiteni alisikia kwamba tangi linaelekea kuisha. Basi katika makala haya mafuta ya kuchoma ni mazutu, na mafuta ya kulainisha ni oili. Sitayachanganya.

Sasa presha. Watu wengi hufikiri pompi ndiyo inayotengeneza presha. Mzee alinikatalia. Pompi ya oili huwa na magurudumu mawili yenye meno yanayozungukana. Kila mzunguko hubeba kiasi kile kile cha oili na kukisukuma mbele. Kazi yake ni kusukuma. Presha inazaliwa pale oili inapokuta njia nyembamba na kulazimika kupenya. Fikirini bomba la maji la mtaa. Bomba moja likifunguliwa, maji yanaruka kwa nguvu. Wote wakifungua asubuhi, nyumba ya mwisho inapata matone, ingawa mashine ya kusukuma maji haikubadilika. Ndani ya moteri "mabomba" hayo ni nafasi ndogo kati ya shafti kubwa na beringi zake, zile nusu duara za madini laini zinazoikumbatia. Nafasi hizo zikipanuka kwa kulika, au oili ikiwa nyepesi mno, inapita bila kizuizi na mshale unashuka. Oili ikikosekana kwenye mdomo wa pompi, mshale unashuka pia. Ni dalili moja tu, na magonjwa yanayoweza kuileta ni mengi.

Kwa nini tujali? Kwa sababu shafti haitakiwi kugusa beringi. Inapozunguka inavuta oili chini yake na kuelea juu ya utando mwembamba kuliko unywele. Jambo hilo liligunduliwa Uingereza kwa namna inayochekesha. Mwaka 1883 injinia Beauchamp Tower alikuwa anapima beringi za magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi moja, akaliziba kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Akakirudisha, kikatoka tena. Alipofunga kipimo mahali pale aliona kwamba presha ya oili ndani ya utando ni kubwa kuliko wastani wa mzigo uliokuwa juu ya beringi. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa hesabu za kueleza jambo hilo. Kwa hiyo pompi haiinui shafti; pompi inahakikisha tu kwamba utando haukosi chakula. Ukikosa, chuma kinagusa chuma, madini laini yanayeyuka, yanashika, na unasikia ule mgongo tuliousikia sisi.

Mafundi wa kwetu huhesabu presha kwa "kilo", mazoea yaliyobaki kutoka kwa wenye kutumia Kifaransa, na kilo moja ni karibu sawa na baa moja. Moteri za lori zinazofungwa ndani ya boti zetu, zikishapata moto, kwa kawaida zinataka kilo 3 hadi 5 kwenye mwendo wa kazi, na kilo 1 hivi zikizunguka polepole bila mzigo. Kitabu cha moteri ndicho chenye neno la mwisho, kama bado kipo. Taa nyekundu haiwaki mpaka presha imeanguka chini kabisa, mara nyingi karibu na nusu kilo. Anayengoja taa amechelewa. Ndiyo maana mzee aliniambia: "Mwanangu, taa inakutangazia kilio. Mgonjwa unamtazamia kwenye mshale."

Mshale ukishuka, jambo la kwanza ni kupunguza mwendo, na kama presha hairudi mara moja, kuzima moteri. Hapa boti inatofautiana na gari. Dereva wa lori anaegesha pembeni na kushuka. Kapiteni hana pembeni. Akizima karibu na mawe, upepo unampeleka kwenye mawe. Kwa hiyo anauliza kwanza: niko umbali gani na nchi, upepo unanipeleka wapi, nanga itafika chini? Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470 mahali penye kina kikubwa, na hata karibu na pwani nanga mara nyingi haipati kitu cha kushika. Wakati mwingine uamuzi wa busara ni kuiua moteri kwa dakika tano ili watu wafike ufukweni. Lakini huo uwe uamuzi wa mtu anayejua kwamba anaiua. Kapiteni wetu hakuamua chochote, maana hakujua kwamba kuna la kuamua.

Kosa la kawaida wakati huo ni kuongeza mwendo ili "presha ipande". Kweli mshale utapanda kidogo, kwa sababu pompi inazunguka haraka zaidi, huku mzigo juu ya beringi unaongezeka pia. Ni sawa na kumkimbiza mtu anayetoka damu ili apate joto.

Moteri ikishazimwa, usifungue chochote kwanza. Kwa moteri ndogo ni suala la kuungua mikono. Kwa moteri kubwa za meli ni suala la uhai: mvuke wa oili uliogusa chuma chenye moto unaweza kulipuka ukipata hewa. Septemba 1947, katika meli ya Uingereza iitwayo Reina del Pacifico iliyokuwa katika safari ya majaribio karibu na Ireland ya Kaskazini, pistoni moja iliyopata moto kupita kiasi iliwasha mlipuko wa namna hiyo, na watu 28 wakafa. Ngoja moteri ipoe. Dakika kumi za kungoja zinafaa pia kwa sababu nyingine: oili iliyoko juu inateremka, na kipimo utakachosoma kitakuwa cha kweli.

Kisha vuta kijiti. Mzee alikaa muda mrefu zaidi kwenye kijiti kuliko kwenye kitu kingine chochote, nami nitafanya vivyo hivyo, maana hakuna chombo cha bei ndogo kinachosema mengi kama hicho. Kipanguse, kirudishe, kivute tena, usome kwa tochi. Kama oili iko chini ya alama ya chini, umepata jibu la kwanza, lakini swali la pili linakuja papo hapo: imekwenda wapi? Tazama ngama, yaani sehemu ya chini ya chombo ambako maji hukusanyika. Kuna weusi unaoelea? Tazama maji ya ziwa nyuma ya boti. Kuna rangi za upinde wa mvua? Kuongeza oili bila kujibu swali hilo ni kujaza ndoo iliyotoboka, ingawa ukiwa na jerikani ya oili na pwani iko karibu, ndoo iliyotoboka inaweza kukufikisha.

Kama oili imezidi alama ya juu, usifurahi. Oili haizai. Kitu kingine kimeingia ndani yake. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ni maji: kipozeo cha oili kimetoboka, au gasketi ya kichwa imeungua. Mabaharia wa baharini huweza kuonja chumvi wakajua kama ni maji ya nje au ya ndani. Sisi wa ziwani hatuna msaada huo, maji yetu yote ni baridi, lazima tufuate mabomba moja moja. Na kama oili ni nyeusi kama kawaida lakini nyepesi, inateleza kati ya vidole kama maji na kunuka mazutu, basi mazutu yanavuja kuingia ndani, labda kwenye pompi ya mazutu au kwenye sindano zake. Hapo mafuta mawili yamekuwa moja kweli, na si katika lugha tu. Oili ya namna hiyo haiwezi kushika utando. Imwagwe yote, na chanzo kitafutwe kabla ya kutia mpya.

Kuna mtego mmoja wa boti ambao mafundi wa magari hawaujui. Moteri ya lori ilitengenezwa ikae sawasawa. Ndani ya boti inafungwa kwa mwinamo, kufuata shafti ya rafadha inayoteremka kuelekea nyuma. Oili yote inakimbilia upande mmoja wa beseni, na alama za kijiti hazisemi tena ukweli. Fundi mwangalifu humwaga oili yote, akatia kiasi kilichoandikwa kitabuni huku boti ikiwa majini, halafu akachonga alama mpya kwa tupa. Nimeuliza katika boti nne. Moja tu ilikuwa na alama hizo.

Kijiti kikiwa sawa, oili ikiwa safi na ya kutosha, uliza kama mshale unasema uongo. Katika moteri nyingi mshale na taa vina vichwa viwili tofauti, kila kimoja na waya wake, na hiyo ni bahati, maana ni mashahidi wawili. Mshale uko sifuri lakini taa haiwaki na moteri inalia vizuri? Huenda waya umekatika. Taa inawaka lakini mshale umesimama kwenye kilo 4? Chomoa waya wa taa kwenye kichwa chake: ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa chuma mahali fulani. Lakini shahidi wa tatu ndiye wa kuaminiwa, saa ya presha ya mkono, isiyo na umeme, inayofungwa kwenye tundu la kichwa chenyewe. Mzee anaitunza yake ndani ya soksi. Akishaona kilo zake kwa macho, hapo ndipo anaamua kama kuna ugonjwa au hakuna. Ameona moteri nzima zikifunguliwa kwa sababu ya waya.

Presha ikiwa ndogo kweli, tazama joto. Oili ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi na kukimbia kwenye beringi, na moteri ya boti inapozwa kwa maji ya ziwani yanayoingia kwa tundu lililo chini ya chombo. Tundu hilo huzibwa na nyasi, siku hizi zaidi na mifuko ya plastiki. Safisha chujio la maji, hakikisha maji yanatoka nyuma, ngoja joto lishuke, na mara nyingine presha inarudi yenyewe. Hapo hapo uliza ni oili gani iliyomo. Iliyo nyepesi kuliko inayotakiwa itaonyesha presha nzuri asubuhi na mbaya adhuhuri.

Mshale wenyewe pia una tabia zake. Ukicheza pamoja na mawimbi, boti ikilala upande huu unaanguka, ikilala upande ule unapanda, pompi inameza hewa: oili imepungua, au bomba la kunyonya lina ufa. Ukishuka polepole wiki kwa wiki, shuku chujio la oili lililoziba, ama beringi zinazolika. Ukianguka ghafla mara tu baada ya kubadilisha oili, shuku mkono wa mwisho uliogusa: chujio lisilo la moteri hiyo, gasketi ya zamani iliyobaki chini ya mpya, au taka ndogo iliyokwama kwenye valvu ya kupunguzia presha na kuiacha wazi. Valvu hiyo husafishwa kwa muda mfupi, na mzee anasema imewaokoa wateja wake wengi waliokuja wakilia.

Beringi zinakuja mwisho, kwa sababu kuzifikia ni kuvua moteri nguo zote. Lakini kuna njia ya kuzichungulia bila kufungua: kata chujio la zamani kwa msumeno, kunjua karatasi yake juani, uitazame. Punje zinazong'aa kama fedha au shaba ni madini ya beringi. Kama presha ni nzuri moteri ikiwa baridi, inazama ikipata moto, na mgongo unasikika ikibeba mzigo, usijidanganye. Wako wanaotia oili nzito sana ili mshale upande, hasa boti inapotaka kuuzwa. Mshale unapanda kweli. Mnunuzi anaondoka na moteri yenye miezi michache ya kuishi, na abiria hamsini juu yake.

Na moteri yetu? Mzee hakuhitaji kufika kwenye beringi ili kujua chanzo. Mpira mmoja wa oili, ule unaokwenda kwenye kipozeo, ulikuwa unasugua pembe ya chuma. Ulipasuka usiku ule. Oili ikamwagika katika ngama, na pompi ya maji machafu ikaitupa ziwani. Kijiti kingetoka kikavu. Ndani ya boti mlikuwa na jerikani mbili za oili zilizojaa na mpira wa akiba uliotundikwa msumarini. Dakika ishirini zilitosha kuufunga. Badala yake shafti ilichongwa upya na beringi zote zikanunuliwa, na boti ikakaa juu ya mchanga miezi mitatu.

Kijana hakulipa. Mzee mwenyewe alikwenda kwa mwenye boti, akamwonyesha mpira, akamweleza kwamba mtu aliyeutazama mshale na kupiga kelele alifanya kazi yake. Nadhani uzee wake ulisaidia kuliko hoja. Boti ilipokaribia kurudi majini, baharia alinijia na kopo la rangi nyeupe, akasema: "Yaya, wewe unasoma mambo ya lugha, tuandikie." Niliandika OILI chini ya mshale wa presha na MAZUTU juu ya mdomo wa tangi. Kwenye saa ya joto la maji nilianza kuandika MAJI, wakanisimamisha wote kwa pamoja, kapiteni akiwa wa kwanza. Nikafuta, nikaandika MAYI.